Inayofanana Nayo kwa Nje

Kapteni alikuwa na hasira hata kabla kompyuta haijaingia nyumbani. Alikuwa nayo tangu siku ile daktari wa masikio alipoweka kalamu mezani, akamweleza kwamba ugonjwa umeingia sikio la ndani, kwamba kizunguzungu kitakuja na kuondoka kitakavyo chenyewe, na kwamba mtu ambaye dunia inaweza kumgeukia wakati wowote hawezi tena kukabidhiwa ndege. Daktari aliyasema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomkata maini. Kama angefoka, Kapteni angepata mtu wa kugombana naye.

Miaka yote alikuwa akirusha ndege ndogo ya mizigo, akipeleka dawa, mbegu, betri na vipuri kwenye viwanja vya milimani ambako lori halifiki. Sasa alikuwa akishinda nyumbani, ghorofa ya juu, akisikiliza mashine ya kushonea ya mumewe ikinguruma chini. Majirani waliendelea kumwita Kapteni. Walidhani wanampa heshima yake, kumbe kila wakimwita wanamtonesha kidonda.

Mumewe alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa chini ya nyumba yao, imejaa sponji, ngozi, mbao na harufu ya gundi. Alikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi, mtu ambaye hata msumari aliubembeleza kabla ya kuupiga. Watoto wao pacha walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo mtaani yeye alikuwa Baba Pacha, na nyumbani pia mkewe alimwita hivyo.

Kulikuwa na mtu wa tatu katika habari hii, naye ni mdogo wake Baba Pacha, binti wa mwisho kwao. Kapteni ndiye aliyemtia kichaa cha ndege. Alimpeleka uwanjani akiwa bado msichana wa shule, akamsukuma mpaka akapata leseni, kisha akamkalisha kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, ndani ya ndege ileile ya mizigo. Wao wenyewe waliitana wifi, kila mmoja akimwita mwenzake hivyo, na humu tutamwita Wifi vilevile.

Kapteni alipoondolewa, kampuni ilimtazama Wifi. Wakamwambia ajiandae kukalia kiti cha kushoto, cha rubani mkuu. Na safari atakayopimwa nayo ilikuwa ile ya kiwanja cha juu kabisa, ambacho marubani wengine walikitaja kwa sauti ya chini.

Kiwanja chenyewe kilikuwa kipande cha udongo kilichoegemea mlima. Unaingia kwa kufuata bonde, na bonde linakwenda likibana. Katikati ya bonde kuna daraja la chuma. Kabla ya daraja unaweza kugeuza ndege ukarudi ulikotoka. Ukishalipita, kuta za mlima zimekaribiana mno, nafasi ya kugeuka hakuna. Hapo ni kutua tu, utake usitake.

"Nimekipita mara nyingi nikiwa na wewe," Wifi alimwambia, "lakini wewe ndiye uliyekuwa unaamua. Mimi nilikuwa nasoma vipimo tu."

"Nitakufundisha."

"Wapi, wifi? Kampuni haina simyuleta ya kuigizia safari, hata ya kuazima."

"Hapahapa nyumbani. Programu zipo, zimechorwa kwa picha za setilaiti, milima iko mahali pake na bonde liko mahali pake. Kinachokosekana ni kompyuta ya kuziendesha."

Daktari hakumkataza. Alichomwambia ni kwamba picha inayotiririka vizuri haitamsumbua, ila picha inayokwama na kushtuka itamvuruga, kwa sababu jicho litaona jambo moja na sikio litadai jingine. Kwa hiyo wengine wanaweza kuvumilia kompyuta inayosuasua, yeye hawezi. Kwake ulaini wa picha haukuwa anasa.

Alimweleza Baba Pacha haya yote wakila.

"Kwa hiyo unataka mchezo wa kompyuta," mumewe akasema.

"Si mchezo."

"Sawa, si mchezo." Akamega chakula chake.

Kesho yake alianza kumtengenezea kiti. Alikipima kwa urefu wa miguu yake, akakipa mgongo ulionyooka kama wa kiti cha rubani, akaweka sponji ngumu ili asididimie, akakishona kwa ngozi aliyokuwa ameitunza kwa kazi ya maana. Kapteni alipokikalia aliguswa moyo. Ndiyo maana baadaye alishindwa kuyaunganisha mambo hayo mawili kichwani mwake, kiti kile na kile kilichofuata.

Siku waliyopanga kwenda dukani kizunguzungu kilimjia alfajiri. Alilala ubavu, ameshika ukingo wa kitanda kana kwamba kitamtupa chini. Baba Pacha akasema atakwenda peke yake.

"Utakosea."

"Niambie, nitashika."

Akamwambia, macho ameyafumba. Prosesa iwe kali, kwa maana simyuleta humtwika mzigo mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa hiyo hata kama wenzake wengi wamekaa bure. Kadi ya picha iwe na kumbukumbu yake yenyewe ya kutosha. Memori iwe gigabaiti thelathini na mbili, asikubali kumi na sita. Diski iwe ile ya kasi. "Na mapambo sitaki. Rudia."

Akarudia yote, bila kukosea hata neno. Halafu akamfunika shuka, akaenda.

Alirudi na boksi kubwa. Ndani yake mlikuwa na mashine yenye ubavu wa kioo na feni zinazowaka rangi zote za dunia. Kapteni, ambaye kichwa kilikuwa kimetulia, aliicheka. "Nilisema sitaki mapambo! Hii ni kompyuta au ni harusi?"

"Wamesema ndiyo hiyohiyo," mumewe akajibu, akainama kuchomeka nyaya.

Wakafunga usukani na pedali zilizonunuliwa pamoja nayo, wakaweka programu, na ikawaka. Kapteni akaketi, akaitoa ndege uwanjani, akapanda nayo juu ya mawingu. Kila kitu kilikuwa laini kama maziwa. Kwa muda mfupi alisahau kwamba yuko chumbani, mpaka mkono ukaenda wenyewe kutafuta swichi ambayo mezani haikuwepo. Akatabasamu peke yake. Akashuka kuelekea bondeni.

Miti ilipoanza kuonekana mmojammoja, picha ikashtuka. Ikasimama, ikaruka mbele, ikasimama tena. Daraja lilikuwa mbali, ghafla likawa chini yake. Ukuta wa mlima ukaja kwa mikupuo, kama mtu anayevutwa kwa kamba. Kapteni akahisi sakafu ikiinama, akashika meza, meza nayo ikainama, akaanguka ubavuni pamoja na usukani. Baba Pacha alimkuta chini, anatapika.

"Ni mimi," Kapteni alisema alipoweza kusema. "Ugonjwa umezidi. Hata hiki siwezi tena."

Mumewe alikuwa anamfuta uso kwa kitambaa chenye maji. Mkono wake ukasimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Labda ndivyo mashine hizi zilivyo," akasema. "Wewe ruka huko juu tu, kwenye mawingu. Huko haikwami. Ya huko bondeni achana nayo."

Alilala mchana kutwa, uso ukutani, akilia kimya. Alilia hivyo siku mbili. Siku ya tatu akaamka na shaka. Rubani hufundishwa kwamba kabla hujajilaumu, kagua chombo. Akazima mashine, akafungua ubavu wake, akachungulia na tochi ya simu. Kadi ya picha ilikuwa ndogo, ya zamani, kumbukumbu yake haitoshi hata nusu. Memori ilikuwa kipande kimoja, kumi na sita. Prosesa ilikuwa ya daraja la chini. Feni za rangi zilikuwa nyingi.

Damu ikampanda kichwani. Ameuziwa mbuzi kwenye gunia! Mumewe mtu wa watu, asiyejua kompyuta, ameingia dukani na maneno yote sahihi mdomoni, na mwuzaji akamchezea shere.

"Nakwenda dukani," akamwambia Baba Pacha.

"Usijisumbue. Nitakwenda mimi."

"Nakwenda mimi."

"Mama Pacha, hujapona vizuri. Nipe mimi, niirudishe, nizungumze nao taratibu."

"Taratibu yako ndiyo iliyotuponza."

 Kapteni aliona rangi imemtoka mumewe usoni, akadhani ni aibu ya kudanganywa. Akamhurumia. Kitu hicho, kule kumhurumia, ndicho kilichomuuma zaidi baadaye.

Duka lilikuwa kwenye kona, chini ya jengo la ofisi, na mwenye duka watu walimwita Ofa, kwa sababu hakuna sentensi aliyoianza bila neno hilo. Kulikuwa na wateja wengine ndani. Kapteni aliagiza dereva wa teksi aweke boksi juu ya kaunta, na hakusubiri dereva atoke.

"Wewe ni mwizi," alisema.

"Ofa yetu leo, mama—"

"Mwizi! Mume wangu alikuja hapa akakuambia kila kitu, neno kwa neno. Ukaona mtu mzima hajui, ukamfungia takataka yenye taa! Nimeanguka kwa sababu yako. Nimelala chini nikitapika, nikidhani ni kichwa changu, kumbe ni tamaa yako!"

Wateja waligeuka. Mmoja aliyekuwa ameshika kipanya akakirudisha rafuni polepole na kutoka. Ofa aliinua mikono yote miwili.

"Mama, nisikilize."

"Nimeshakusikiliza kupitia hii mashine."

"Mama, mimi nina maneno mengi, nakubali. Lakini mzee nilimwandalia hiyo unayoitaka. Ilikuwa hapo ulipoweka mkono. Nilishaifungua, nikamwonyesha kadi, nikamwonyesha memori. Akaitazama sana. Akaniuliza kama nina nyingine isiyo na nguvu. Nikamwambia ipo, lakini kwa simyuleta haitafaa, itakwama karibu na ardhi. Akasema, 'Hiyohiyo. Nipe inayofanana nayo kwa nje.'"

Kapteni alimtazama mdomo, kama mtu anayesubiri maneno yabadilike.

"Rudia."

"Inayofanana nayo kwa nje," Ofa akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Ya umbo lile sikuwa nayo, nikampa hii ya taa, ambayo kwa nje inaonekana kali vilevile. Nilidhani ni mambo ya nyumbani, mama. Sikuuliza."

Kulikuwa na kigoda kando ya kaunta. Kapteni akakaa. Hakuhisi kizunguzungu chochote. Dunia ilikuwa imetulia tuli, na kila kitu kilichomo alikiona waziwazi: vumbi kwenye skrini, kidole cha Ofa kinachogusagusa kikokotoo, vitu vyote. Hasira iliyokuwa inafoka ilikuwa imeshuka chini, ikawa baridi.

"Ulikosea kutouliza," hatimaye akasema. "Lakini mwizi si wewe. Nisamehe kwa neno hilo."

"Yamekwisha, mama."

"Hayajaisha. Lete mashine. Nitachagua mwenyewe, na kila moja nitairusha hapahapa."

Ofa alimletea kwanza ile ya bei ya juu kuliko zote, nyembamba, inayong'aa. "Hii inatoa picha mia kwa sekunde, mama. Ofa ya—"

"Weka bondeni."

Akaweka. Juu ya mawingu namba kwenye kona ya skrini ilisoma mia na zaidi. Kapteni akashuka. Kwenye miti ikawa sitini, ikapanda tisini, ikaanguka ishirini, ikaruka tena. Kichwa kikaanza kuyumba, akaachia usukani.

"Ondoa."

"Lakini mia—"

"Mia ya wapi? Mia ya huko juu ambako hakuna kitu cha kugonga? Ndege haigongi mawingu, bwana. Niletee ile uliyomwandalia mume wangu."

Ile ilikuwa boksi jeusi lisilo na kioo wala taa, zito, baya kama jiwe. Kapteni aliifungua kwanza, akakagua kadi na memori, akaangalia namna hewa inavyoingia na kutoka. Kisha akaingia kwenye mipangilio, akaiwekea programu kikomo, isizidi picha arobaini kwa sekunde. Ofa akashangaa, maana hakuna mteja aliyewahi kuomba namba ipungue. Akashuka bondeni. Arobaini. Miti. Arobaini. Daraja likaja kwa mwendo wake, likapita chini yake kwa mwendo wake. Ukuta wa mlima ukasogea bila kushtuka, udongo wa kiwanja ukafunguka mbele, magurudumu yakagusa. Arobaini.

"Arobaini zisizotikisika," akamwambia Ofa, "zinanitosha kuliko mia zinazorukaruka. Sasa iache ifanye kazi, ubavu umefungwa, mpaka ipate joto. Halafu nitatua tena."

Alitua tena na tena. Alipoweka kiganja juu ya boksi lilikuwa vuguvugu tu, na feni haikupiga kelele. Ofa alianza kusema kwamba kilichouzwa dukani kwake hakirudishwi, akakutana na macho yake, akaichukua ile ya taa bila kumaliza sentensi. Kapteni akaongeza tofauti ya bei kutoka kwenye akiba yake, akaondoka.

Baba Pacha alikuwa karakana, amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa ngozi, mdomoni ameshika misumari midogo kama mafundi wa makochi wanavyofanya. Alimwona mkewe mlangoni, akaona boksi jeusi mikononi mwa dereva, akabaki vilevile na nyundo hewani.

Kapteni alisubiri dereva aweke mzigo na kuondoka.

"Toa misumari."

Akaitoa, mmoja baada ya mwingine, akiiweka kiganjani. Alichukua muda mrefu kuliko idadi ya misumari ilivyohitaji.

"Ulisema nini dukani? Nataka kuyasikia kwa mdomo wako."

"Mke wangu, naomba—"

"Ulisema nini?"

"Nilisema..." Akaweka nyundo chini. "Nilisema anipe inayofanana nayo kwa nje."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo Baba Pacha, mtu wa maneno machache, alipofunguka. "Kwa sababu nimechoka! Miaka yote ile wewe uko huko juu, mimi niko hapa chini, simu ikilia nyundo inaniponyoka. Mvua ikinyesha sishoni, nakaa tu nasikiliza. Ulipougua, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi. Nikasema sasa yamekwisha. Halafu kabla hata sijaishusha yote, unamchukua mdogo wangu, mtoto niliyembeba mgongoni, unamwandaa kwenda kulekule! Nikaona mashine ikikushinda utaacha. Na yeye asipofunzwa, watamwona hafai, watampa safari za huku tambarare."

"Ulishusha pumzi."

"Sikufurahi. Usiseme nilifurahi."

"Nimelala sakafuni natapika, nakwambia ugonjwa umezidi, hata hiki siwezi tena. Ulikuwa umenishika kichwa, Baba Pacha. Ulikuwa na kitambaa mkononi. Ulijua si ugonjwa. Ukaniambia niruke mawinguni!" Sauti yake ilipanda mpaka fundi wa baiskeli wa duka la jirani akaacha kupampu. "Siku mbili nimelia. Siku mbili unaniletea uji kitandani, na unajua!"

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Ungenikataza tukagombana, ningekuelewa. Ningekasirika, lakini ningekuwa nakasirika na mtu. Wewe ulinitengenezea kiti kizuri, halafu ukanitoa akili nikiwa nimekikalia."

Baba Pacha aliangalia misumari kiganjani.

"Na hukuuliza hata jambo moja," Kapteni akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Ratiba imeshatoka. Wiki ijayo Wifi anaruka, akifundishwa anaruka, asipofundishwa anaruka. Wewe hukumwondolea safari. Ulimwondolea maandalizi."

"Ningekufa," sauti ikasema kutoka mlangoni, "ungewaambia nini watu msibani, kaka? Kwamba uliniokoa?"

Wifi alikuwa amesimama na sare yake ya kazi, begi begani. Hakuna aliyejua ameanza kusikiliza wapi. Baba Pacha alinyanyuka, akanyoosha mkono, na mdogo wake akarudi nyuma hatua moja. Misumari ikamwagika sakafuni.

"Usiniguse. Tangu nizaliwe nakupa shikamoo, na leo nakupa vilevile. Lakini usiniguse."

Wanawake wawili wakabeba boksi jeusi wenyewe, wakipumzika kila baada ya ngazi chache. Baba Pacha hakuthubutu kuja kusaidia.

Mazoezi yakaanza jioni hiyohiyo na yakaendelea kila siku Wifi alipotoka kazini. Kapteni hakuwa mwalimu mpole, na siku hizo alikuwa mkali kupita kiasi. Alisimama nyuma ya kiti akafoka. "Spidi! Unaangalia nini? Mlima haukimbii, angalia spidi!" Wifi alipita daraja akiwa juu mno, akagonga mlima. Akarudia, akapita akiwa chini mno, akagonga miti. Skrini ikawa nyekundu. Kapteni akapiga meza kwa kiganja. "Umeua watu! Umekufa na umeua! Tena!"

Wifi akavua vipokea sauti, akageuka na kiti.

"Wifi, hasira hizo ni za kaka. Mpelekee mwenyewe. Mimi usinimwagie, mimi nina ndege ya kurusha."

Kapteni alibaki amesimama. Alitaka kujibu na jibu kali lilikuwa tayari ulimini, lakini aliona binti yule amesharudisha mkono kwenye usukani, akalimeza. Akavuta stuli, akakaa upande wa kulia, mahali ambapo Wifi alikuwa akikaa zamani.

"Haya," akasema. "Mimi nasoma vipimo. Wewe amua."

Kuanzia hapo mambo yalinyooka. Alimweleza daraja si alama ya njia, ni mlango. Kabla hujafika, jiulize: kiwanja nakiona? Spidi ninayo? Upepo naujua? Jibu moja likiwa hapana, au likiwa labda, unageuka papo hapo na husubiri kuona itakuwaje. Kisha akaanza kumchezea hali ya hewa. Alimwekea wingu mdomoni mwa bonde, alimwekea wingu katikati, alimwekea jua zuri ambalo linageuka ukungu ghafla. Wifi akajifunza kugeuka. Mwanzoni aligeuka kwa kuchelewa, akiumia kwa kuona kiwanja kiko karibu hivyo. Mwishowe mkono wake ukawa unageuza kabla mdomo haujasema.

Boksi jeusi lilifanya kazi bila kulalamika, na Kapteni hakuanguka tena. Siku moja tu kizunguzungu chake halisi kilimjia katikati ya zoezi. Akalala sakafuni kando ya kiti, macho yamefungwa, akaendelea kufundisha kwa sauti.

Chini, mashine ya kushonea iliunguruma kidogo na kunyamaza sana. Mume na mke walipishana ngazini bila neno. Mke alimwachia chakula mezani, mume akakila akiwa peke yake.

Siku ya safari ilikuwa na jua. Kapteni hakukaa chini tangu asubuhi. Alipiga deki sebule iliyokwisha kupigwa deki, akahesabu mawingu dirishani, akakasirika na mawingu. Simu ilipolia aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza, akabonyeza spika ili asikose hata neno.

"Nimerudi," Wifi akasema. Nyuma yake zilisikika kelele za karakana ya ndege. "Sikutua."

"Kumetokea nini?"

"Huku kweupe, wifi. Mpaka mdomoni mwa bonde kweupe. Nimefika karibu na daraja, nakiona kiwanja, halafu upande wa kushoto kitu cheupe kikaanza kuteleza mlimani. Kidogo tu, kama moshi wa jiko. Rubani mkaguzi kando yangu kimya. Nikajiuliza, nikapata labda. Nikageuka."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu mpaka tumenyooka. Akaniambia niangalie nyuma. Bonde lote lilikuwa limejaa, wifi. Daraja lenyewe halionekani." Akasogea mbali na zile kelele. "Amesema nimefaulu. Amesema kutua angenifundisha mtu yeyote. Kesho narudi kupeleka mzigo, na kesho nitatua."

Kapteni alikaa sakafuni palepale alipokuwa. Alisema maneno mengi ya pongezi, mengine hayakuwa na mpangilio, na simu ilipokatika ndipo alipoona miguu ya mumewe kwenye ngazi. Baba Pacha alikuwa ameketi katikati ya ngazi, vumbi la sponji kichwani. Alikuwa amesikia yote.

"Asingefanya mazoezi," akauliza, "angejua pa kugeukia?"

Kapteni angeweza kumpa jibu la kumpoza. Alimwona amekonda, amejikunja. Lakini hakulitafuta jibu hilo.

"Hapana," akasema.

Baba Pacha akaitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayekubali hesabu ya fundi mwenzake. "Nimekukosea. Si wewe tu, wote wawili. Sina cha kujitetea."

"Najua huna."

"Utanisamehe?"

"Leo hapana. Na usiniulize kila siku kama mtu anayedai kodi. Nitakuambia."

Akashuka. Baada ya muda nyundo ikaanza kusikika, pigo moja, kimya, pigo moja.

Kesho yake Wifi alitua, na keshokutwa yake akatua tena. Nyumbani kimya kiliendelea siku nyingi, na watu wa mtaani wakaanza kuulizana. Kilichokivunja hakikuwa mazungumzo makubwa. Ilikuwa ni mchana mmoja Kapteni aliposhuka karakana akakuta kopo la gundi limeachwa wazi karibu na jiko la mafuta linalowaka. Akalipuka.

"Baba Pacha! Unataka kutuchoma? Mtu mzima na ndevu zako, hujui gundi inawaka? Mara ngapi nikuambie kopo hili lina mfuniko!"

Alifoka mpaka pumzi ikamwishia. Mumewe alikuwa amesimama mbele yake, mfuniko mkononi, na usoni mwake kukatokea furaha ambayo hakuweza kuificha, kwa maana kwa siku zote hizo yalikuwa ndiyo maneno ya kwanza kuambiwa.

"Unacheka nini?" Kapteni akauliza.

"Sicheki."

"Unacheka. Funga kopo."

Akalifunga. Kapteni hakucheka, na hasira yake ilikuwa bado haijaisha. Lakini hakupanda juu mara moja. Alivuta kochi lililokuwa halijamalizwa, akakaa kwenye mbao zake, akaanza kumgombeza kuhusu jiko.